Upasuaji wa diski ni wa mguu, si wa mgongo

Mwulize mwenye siatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, panapomuuma, utaona mkono wake hauishii kiunoni. Unashuka takoni, nyuma ya paja, kwenye kigimbi, hadi kidole gumba au kile kidogo kabisa. Mmoja atakwambia ni kama shoti ya umeme, mwingine atasema ni pilipili iliyopakwa ndani ya mfupa. Mgongo wenyewe huenda unauma kidogo tu, au ulishatulia tangu siku mguu ulipoanza kuwaka. Hilo ndilo la kushika kabla ya kuwaza kisu: operesheni ya kuondoa kipande cha diski inatibu mguu. Mgongo nao ukipata nafuu, shukuru, lakini si ulichokwenda kununua. Tuliopita njia hii, pamoja na tuliowauguza waliopita, tumeona kwamba majuto mengi ya baadaye hayatokani na daktari kukosea. Yanatokana na mgonjwa kuingia thieta akitegemea kutoka na mgongo mpya.

Kiuno kina pingili 5, zinazohesabiwa kutoka juu, L1 hadi L5. Chini yake kuna mfupa wa sakramu, unaoanzia S1. Kati ya pingili na pingili imelala diski: nje pete ya nyuzi ngumu, ndani ute mzito. Pete ikichanika kwa nyuma, ute huchungulia kama nyama ya sambusa iliyopasuka pembeni, na hapo unapochungulia ndipo mizizi ya neva inapopita. Neva haiumi kwa kubanwa tu. Ute ule una kemikali zinazoiwasha na kuivimbisha, ndiyo maana kipande kidogo kinaweza kumlaza mtu chini, na kikubwa kikamwacha akitembea. Mara nyingi mno diski yenye kosa ni moja kati ya mbili za chini, L4-L5 au L5-S1.

Kila mzizi una shamba lake. Mzizi wa L5 hulima upande wa nje wa mguu, juu ya unyayo na kidole gumba. Wa S1 hulima nyuma ya kigimbi, kisigino, ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo. Kwa hiyo unaweza kujipima nyumbani bila kifaa chochote. Tembea hatua 10 kwa visigino, vidole vikiwa juu; mguu mmoja ukishindwa kuinua vidole, L5 inadai. Kisha shika ukuta, simama kwa mguu mmoja na unyanyuke kwa ncha za vidole mara 10. Ukiishia mara 3 wakati mguu mwingine unamaliza, S1 inadai. Andika tarehe na idadi kwenye simu kila wiki. Daktari atakayekuuliza "mguu unapungua nguvu?" atapata jibu lenye hesabu. Dalili nyingine ambayo watu huichukulia kama mzaha: kandambili inavuka yenyewe njiani na hujui ilibaki wapi.

Kuna hali moja isiyosubiri kliniki wala rufaa ya Jumatatu. Fungu la neva mwishoni mwa uti wa mgongo likibanwa lote, ganzi huingia sehemu za siri, njia ya haja kubwa na ndani ya mapaja, yaani pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo unakataa kuanza, au kibofu kimejaa na hukisikii, au unachuruzika wenyewe. Haja kubwa inatoka bila taarifa. Mara nyingi miguu yote miwili huumwa au kulegea. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo, kwa kuwa neva za kibofu zikikaa zimebanwa zaidi ya siku moja au mbili, huenda zisirudi kamwe. Ukifika mapokezi usiseme "mgongo unauma", utawekwa kwenye benchi pamoja na wenzako 30 wanaoumwa mgongo. Sema hivi: "Sista, nina ganzi sehemu za siri na mkojo hautoki." Sentensi hiyo inabadilisha foleni.

Wala si kila mguu unaowaka una diski nyuma yake. Kwetu huku kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na maumivu yasiyotulia hata ukilala ni mambo ya kuchunguzwa kwanza. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi wanaweza kupata ugonjwa wa bruselosisi, nao hupenda kukaa kwenye pingili za kiuno. Mzee aliyekwisha kuugua saratani, hasa ya tezi dume au ya matiti, asikubali kuchuliwa mgongo miezi 3 bila picha. Kuna na lile linalosahaulika: sindano ya tako iliyochomwa vibaya. Kama mguu ulipigwa shoti palepale sindano ilipoingia na ukabaki na ganzi, neva imeumizwa takoni, na MRI ya kiuno, ile picha inayopigwa kwa sumaku, haitakuonyesha kosa hilo.

Sasa kuhusu kusubiri. Siatika ya diski hupungua yenyewe kwa watu wengi ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa sababu mwili hukila kile kipande kilichotoka. La ajabu ni kwamba kipande kikubwa kilichokatika kabisa huliwa vizuri kuliko kiuvimbe kidogo kilichobaki ndani ya pete, kwa hiyo neno "kubwa" kwenye ripoti lisikutie kiwewe. Uholanzi walilipima jambo hili kwa watu 283 waliokuwa wameumwa wiki 6 hadi 12, majibu yakachapishwa mwaka 2007. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likaendelea na dawa na mazoezi, ruhusa ya kupasuliwa ikiwepo kwa atakayeshindwa. Waliopasuliwa walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa sawa, kama asilimia 95 wakisema wamepona. Lakini isome habari hii mpaka mwisho: katika lile kundi la kusubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa, kwa wastani baada ya wiki kama 19, maana maumivu yaliwashinda.

Kwa maneno mengine, kwa mtu ambaye nguvu za mguu hazipungui, kisu kinanunua muda. Swali la kujiuliza ni muda huo una thamani gani kwako. Fundi wa kushona mwenye mshahara wa kila siku na mtumishi mwenye likizo ya ugonjwa yenye malipo hawawezi kujibu sawa, na hakuna aibu katika hilo.

Unaposubiri, usilale. Siku moja au mbili za kitanda zinatosha, kuanzia hapo tembea kidogokidogo mara nyingi, hata kama ni kuzunguka nyumba dakika 5. Maumivu yakizidi, lala chali sakafuni juu ya mkeka, vigimbi vikiwa juu ya kiti, nyonga na magoti vikikunjwa kama herufi L, dakika 15. Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinywe baada ya chakula na kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu aulize kwanza. Ile tabia ya kuchomwa "diklo" kila jioni kwenye duka la dawa wiki 3 mfululizo imeharibu figo na matumbo ya watu, na pale sindano inapochanganywa na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, mwenye kisukari huamka na sukari isiyoshikika. Pregabalini hutolewa sana kwa ajili ya neva, ila utafiti wa Australia wa mwaka 2017 kwa watu 209 wenye siatika haukuona ikishinda kidonge kisicho na dawa. Ukipewa ukaona haisaidii baada ya wiki chache, mwambie daktari akupunguzie taratibu, usiikate ghafla, na usiendeshe gari ukiwa bado unasinzia kwayo.

Kukanda kwa maji moto kunalegeza misuli, hakuna ubaya, mradi usiweke chupa ya moto juu ya sehemu yenye ganzi: ngozi inaungua na wewe husikii. Kumpandisha mtoto akukanyage mgongo, au kuvutwa miguu na mnyooshaji hadi kitu "kilie", achana nako. Sindano ya steroidi inayochomwa karibu na mzizi wa neva, daktari akiongozwa na eksirei, ni jambo jingine: inaweza kutuliza mguu kwa wiki kadhaa, na wapo ambao wiki hizo ziliwatosha. Haiondoi diski.

Eksirei ya kawaida haionyeshi diski, inaonyesha mifupa. Kinachohitajika ni MRI, na yenyewe ina mtego wake. Mapitio makubwa ya mwaka 2015 ya picha za watu wasioumwa chochote yalikuta kwamba kufikia umri wa miaka 40, nusu wana diski iliyotuna. Ukimpiga picha mpita njia yeyote Kariakoo, unaweza kumpata na "ugonjwa". Kwa hiyo picha ni lazima ikubaliane na mguu: upande uleule, na mzizi uleule unaolingana na ganzi na udhaifu wako. Diski imetoka kushoto na wewe unaumwa kulia? Hakuna cha kupasua hapo. Diski imetoka L3-L4 na ganzi iko kidole kidogo? Uliza tena, na tena.

Tukifika kwenye uamuzi, kuna milango mitatu. Wa kwanza ni ile dharura ya mkojo na ganzi za siri, haina mjadala. Wa pili ni mguu unaopoteza nguvu wiki hadi wiki, au unyayo ulioanguka kabisa, usioweza kuinuka; hapo usikae miezi ukijipa moyo, onana na daktari wa upasuaji ndani ya siku chache. Wa tatu ndio wenye watu wengi: maumivu ya mguu yasiyovumilika baada ya wiki 6 hadi 12 za matibabu ya kweli, na MRI inayokubaliana. Aliyepita miezi 4 na bado analia usiku ana hoja nyingine mkononi. Wakanada walichapisha mwaka 2020 matokeo ya watu 128 waliokuwa wameumwa miezi 4 hadi 12. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa walikuwa na maumivu ya mguu ya 2.8 kwenye kipimo cha 10, ambao walianza na njia nyingine walikuwa na 5.2. Kusubiri kuna faida mwanzoni, kisha faida hiyo inakwisha.

Kama malalamiko yako makuu ni kiuno kinachochoka ukisimama jikoni au kinachokaza asubuhi, mguu ukiwa mzima, huna mlango hapo. Hata ukipata wa kukupasua.

Daktari wa kumwona ni wa upasuaji wa neva au wa mifupa anayefanya migongo mara kwa mara. Kwa Tanzania wengi hufikia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa kuwa mifupa na mishipa ya fahamu viko chini ya paa moja. Hospitali za rufaa za kanda nazo zina huduma. Nenda na maswali yaliyoandikwa. Diski ipi, upande upi? Utaondoa kipande tu, au utafunga na vyuma? Kama ni vyuma, kwa nini? Swali hili la vyuma liulize bila haya. Diski iliyotoka kwa mara ya kwanza, pingili zikiwa zimekaa mahali pake, kwa kawaida haihitaji skrubu. Vyuma vina kazi pale pingili imeteleza juu ya mwenzake, au mfupa mwingi umelazimika kuondolewa, au uti umepinda. Operesheni ya vyuma ni kubwa zaidi na ghali zaidi, na kupona kwake kunahesabiwa kwa miezi. Ukijibiwa "ili mgongo uwe imara" bila kuonyeshwa kwenye picha nini hakiko imara, tafuta daktari wa pili. Halafu gharama: ulizia thieta, wodi, dawa, fiziotherapia na kliniki za kurudi, kila kimoja peke yake, na kama una bima, kibali kitoke kwa maandishi kabla ya siku ya kulazwa.

Hatari nazo zitajwe kwa majina. Ngozi nyembamba inayofunika neva inaweza kuchanika, na maji ya uti yakavuja; hutokea kwa wachache katika kila 100, hushonwa palepale, na mgonjwa hulala bapa siku moja au mbili. Maambukizi ni kama mtu 1 au 2 katika 100. Kuumia kwa neva ni kwa nadra zaidi. Kurudi kwa diski ileile ndiko kunakotokea zaidi: 5 hadi 10 katika 100, pengine zaidi kwa mvuta sigara. Acha sigara walau wiki 4 kabla, na ukiweza usiirudie. Sukari ishushwe kabla, maana kidonda cha mwenye sukari ya juu hukaribisha usaha. Aspirini, dawa nyingine za kulainisha damu na dawa za mitishamba zitajwe zote kwa daktari wa usingizi, naye ndiye atakayesema ipi iachwe lini.

Wiki moja kabla ya kulazwa, tengeneza nyumba. Hili ndilo watu huliruka, kisha siku ya pili ya kurudi nyumbani wanakuta wamekwama chooni. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki mwanzoni: chukua kiti cha plastiki kigumu, kitobolewe katikati, kiwekwe juu ya tundu, na uhakikishe miguu yake haitelezi kwenye vigae. Ndoo ya kuogea ikae juu ya stuli, kopo liwe na mkono mrefu. Kitanda kilicho karibu na sakafu kiinuliwe kwa matofali hadi kufikia usawa wa magoti, na godoro lisiwe limebonyea. Jiko la mkaa lipandishwe, sufuria na vyombo vishushwe au viinuliwe hadi usawa wa kiuno. Viatu viwe vya kuchomeka vyenye nyuma. Awepo mtu wa kufua, kudeki na kuchota maji wiki 2 za mwanzo. Mtoto mdogo afundishwe mapema: ukikaa kwenye kochi, apande yeye mwenyewe akukumbatie, usimwinue. Na anayetoka mbali, Sumbawanga au Kigoma, apange pa kukaa mjini hadi nyuzi zitolewe. Basi la kutwa nzima siku ya 4 ni kujitafutia balaa.

Siku yenyewe huwa fupi kuliko hofu yake. Chakula kinakoma masaa 6 kabla, pamoja na chai ya maziwa, kwa kuwa maziwa yanahesabiwa kuwa chakula. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi masaa 2 kabla, lakini fuata wodi yako itakavyosema. Hakikisha upande umechorwa kwa kalamu ukiwa macho. Ukishapigwa nusu kaputi unageuzwa kifudifudi, eksirei inathibitisha pingili, kisha kidonda cha sentimita 2 hadi 4 kinafunguliwa. Misuli inasogezwa kando, kipande kidogo cha mfupa na utepe wa njano unaounganisha pingili vinaondolewa, neva inavutwa pembeni taratibu, na kile kilichochungulia kinatolewa pamoja na vipande vilivyolegea. Saa moja hivi, wakati mwingine zaidi. Diski yenyewe haitolewi yote, na ndiyo sababu inaweza kuchungulia tena.

Ukiamka, koo litakuwa limekwaruzwa na mpira wa kupumulia. Mgongo utauma kama umepigwa rungu. Mguu, kwa wengi, umenyamaza. Kukojoa mwenyewe kabla ya kuruhusiwa ni sharti. Kusimama ni siku hiyohiyo au kesho yake, na namna ya kuamka inatakiwa ijulikane kabla: kunja magoti, geuka ubavu kama gogo, mabega na nyonga vikienda pamoja, teremsha miguu ukingoni huku mkono ukisukuma godoro, kaa kidogo, ndipo usimame. Kulala ni kinyume chake. Usijiinue chali kama mtu aliyeshtushwa na simu.

Wiki 2 za kwanza kazi yako ni kutembea na kuto­kaa. Dakika 5 hadi 10, mara 4 au 5 kwa siku, juu ya ardhi tambarare. Kukaa kusizidi dakika 15 au 20 kwa mkupuo, kwenye kiti chenye mgongo, si kochi linalokumeza. Kidonda kikae kikavu. Jioge kwa kujifuta hadi uambiwe, bahari na beseni baadaye. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa siku ya 10 hadi 14. Adui mdogo asiyetajwa ni choo kigumu. Tramadoli na kodeini, dawa kali za maumivu, hukausha tumbo, na kujikamua kunasukuma diski. Papai, mboga za majani, maji, uji wa dona, na dawa ya kulainisha choo kuanzia siku ya kwanza, si ya tano. Chafya na kikohozi vikija, simama wima ushike ukuta, usipokee chafya ukiwa umeinama.

Kati ya siku ya 3 na ya 10 hivi, maumivu ya mguu yanaweza kurudi kidogo. Hapa ndipo watu hulia kwamba operesheni imeshindikana. Neva iliyoguswa huvimba kabla ya kutulia. Maumivu haya ni madogo kuliko ya zamani, yanakuja na kuondoka, yanapungua kwa dawa. Kama ni yaleyale ya zamani, kwa nguvu zilezile, yamekuja baada ya kunyanyua kitu au kupiga chafya na hayapungui kwa siku kadhaa, mpigie daktari. Kawaida maumivu huondoka kwanza, nguvu hufuata, ganzi ni ya mwisho. Ganzi inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, na kiraka kidogo kinaweza kubaki moja kwa moja. Unyayo wenye ganzi uukague kila jioni. Mwiba na kokoto hukaa humo bila wewe kujua.

Kwa wiki 6 za mwanzo wengi huambiwa wasinyanyue zaidi ya kilo 3 hadi 5. Dumu la lita 5 lililojaa ndio mwisho. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hata ikiwa kichwani. Madaktari hawakubaliani wote juu ya ukali wa masharti haya, wengine huruhusu mapema zaidi. Wanachokubaliana ni kwamba mchanganyiko mbaya ni kuinama, kubeba na kujipinda kwa pamoja: kumtoa mtoto kwenye beseni, kutoa gunia buti la gari, kufua kwa kuinama halafu kukamua blanketi. Jembe la mpini mfupi lina yote matatu, kwa hiyo mkulima asirudi shambani kabla ya wiki 8 hadi 12, na akirudi atafute mpini mrefu. Kazi ya mezani huanza wiki ya 2 hadi ya 4 au zaidi, kwa kusimama kila nusu saa. Gari uliendeshe ukiweza kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita, na dawa zinazoleta usingizi zikiwa zimekwisha. Bodaboda na bajaji ni suala la matuta, zisubiri wiki 6. Kwenye basi, epuka siti za nyuma, huko ndiko kunakorushwa.

Anayeswali aswali juu ya kiti, akiashiria rukuu kwa kichwa na sijida chini kidogo zaidi. Sheria imeruhusu kwa mgonjwa, wala hakuna haja ya kujilazimisha mkekani wiki ya pili. Tendo la ndoa, ambalo karibu kila mtu anaogopa kuliuliza, linarudi pale maumivu yanaporuhusu, kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, aliyepasuliwa akilala chali au ubavu na mwenzake akibeba kazi.

Fiziotherapia ikianza, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 6, usiifanye ya kuhudhuria tu. Kukaza tumbo la chini huku unapumua, kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali mara 10 kwa mizunguko 2, kusimama kwa vidole ukishika meza, kwanza miguu miwili kisha mmoja. Kigimbi kilichokaza kinyooshe kwa kanga: ipitishe chini ya vidole ukiwa umekaa, vuta ncha zote mbili, hesabu hadi 30. Zoezi la kulala chali na kuinuka kukaa, lile la kutafuta tumbo bapa, liache kwa sasa. Unyayo ulioanguka unahitaji kifaa cha kuushikilia ndani ya kiatu, la sivyo utajikwaa na kuanguka juu ya kidonda chako. Mkanda wa mgongo unafaa safarini. Kuuvaa kutwa kwa miezi ni kuifundisha misuli uvivu.

Yapo ya kurudisha hospitali haraka: kidonda chekundu chenye joto au kinachotoa usaha, homa, maji mepesi yanayolowesha bandeji, kichwa kinachouma vibaya ukikaa na kutulia ukilala, kigimbi kimoja kilichovimba, udhaifu mpya, na ile habari ya mkojo. Moja hudanganya watu: mgongo uliokuwa umetulia unaanza kuuma vikali wiki ya 2 hadi ya 4, kila kujigeuza ni mkazo, na kidonda kwa nje kizuri kabisa. Huenda ni maambukizi ndani ya diski. Daktari atapima damu na kurudia picha. Wewe usikubali kutulizwa kwa diklofenaki peke yake.

Kabla ya kuondoka wodini omba nakala ya ripoti ya upasuaji, inayosema pingili ipi, upande upi, nini kilitolewa na kama ngozi ya neva ilichanika. Siatika ikirudi miaka 3 baadaye, MRI ya safari hiyo mara nyingi hufanywa na dawa ya mshipani, ili kutenganisha kovu na kipande kipya. Kovu kwa kawaida halipasuliwi, kipande kipya huenda kikapasuliwa, na bila ripoti ya zamani daktari mgeni anakisia. Iweke pamoja na filamu za MRI, mahali pakavu. Chini ya godoro, zinakoishia filamu za nyumba nyingi, hujikunja na kugandana.